Orodha ikishatoka mkononi, nani atairudisha?

Wiki hizi mbili simu yangu imejaa meseji zenu kuhusu data, na sio data za bando, data za watu: rejista za kliniki, orodha za wanachama, madeni, picha za wanafunzi, yaani vile vitu ambavyo ofisi moja inampa nyingine kwa faili au kwa kuunganisha mfumo na mfumo. Nimechukua maswali matano. Mawili ya kwanza nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi ndani, mengine nitaenda haraka haraka.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni afisa takwimu kwenye asasi ndogo huku Ifakara, tunahudumia wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Mshirika wetu mmoja mkubwa kaomba tumpe orodha yote, majina, simu, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA), kijiji na tatizo la kiafya, eti anaandaa ripoti ya mfadhili na anaitaka leo leo hata kwa WhatsApp. Bosi anasema tuma tu hao ni wenzetu. Moyo unasita. Je nikifuta majina itakuwa imetosha?

JIBU: Moyo wako uko sahihi dada, usiupuuze.

Kabla hujafikiria utatuma kwa njia gani, mrudie huyo mshirika umuulize anaenda kufanya nini na hiyo orodha. Muulize kwa upole kabisa kama mtu anayetaka kumrahisishia kazi, maana mimi nimeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo na mara nyingi ukichimba unakuta mfadhili anataka idadi tu, wajawazito wangapi wamefikiwa, watoto wangapi wamemaliza chanjo, kila wilaya ngapi. Kama ni idadi, mpe idadi, hesabu mwenyewe kwenye kompyuta yako umtumie jedwali la ukurasa mmoja na majina yabaki hapo hapo Ifakara. Kama anataka kujua nani kahudumiwa na nyie na yeye pia ili asihesabiwe mara mbili, hilo ni jambo jingine na linafanyika, mnakubaliana kila mteja apewe namba yenu ya siri ambayo haina maana nje ya ofisi, na ile karatasi inayosema namba fulani ni mama fulani mnaifungia kabatini kwenu.

Sasa hili la kufuta majina. Hapana, haitoshi, na nakuomba umweleze bosi wako kwa mfano wa huko huko kwenu. Chukua kijiji kimoja, mstari unasema mwanamke, miaka 41, mimba ya tisa, kifafa cha mimba. Jina hamna. Sasa ipeleke hiyo karatasi kwa mama muuza maandazi wa pale senta uone kama atashindwa kukwambia ni nani na nyumba yake iko wapi! Namba ya NIDA nayo ndio kabisa, ile ina tarakimu 20 na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe, kwa hiyo ukiiacha umemtaja mtu kuliko hata ungeandika jina, maana akina Zainabu Juma wako wengi ila namba ile ni ya mtu mmoja tu.

Na sio huku vijijini tu. Katikati ya miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts kule Marekani lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za hospitali za watumishi wake likiwa limefuta majina, na gavana wa wakati ule William Weld akawahakikishia wananchi kwamba hakuna atakayejulikana. Mwanafunzi mmoja anaitwa Latanya Sweeney akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Akatafuta waliozaliwa siku moja na gavana, akapata watu sita, wanaume watatu, na anayekaa kwenye eneo la posta la gavana ni mmoja tu. Akazituma kumbukumbu za matibabu ya gavana ofisini kwa gavana mwenyewe. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mtaa, basi, hivyo vitatu tu. Wewe kwenye faili lako unavyo vyote na tatizo la kiafya juu yake.

Hata kwenye jedwali la idadi kuwa makini na namba ndogo. Ukiandika kitongoji fulani wenye VVU 1, umeshamtaja. Ofisi nyingi za takwimu zikikuta namba chini ya 5 haziioneshi, zinaandika tu chini ya 5 au zinajumlisha vitongoji viwili vitatu kuwa kimoja. Fanya hivyo hivyo.

Ikitokea kweli wanahitaji taarifa za mtu mmoja mmoja, labda wao ndio wanaowapa rufaa kwenda hospitali, hapo inabidi muandikiane. Na karatasi yenyewe isiwe ya kurasa 30 za kisheria ambazo hakuna atakayesoma, iwe ukurasa mmoja mnaouelewa wote wawili: tunatoa nini, kwa kazi gani, nani kwenu ataona, mtaifuta lini, na nampigia nani simu nikigundua nimewapa kosa. Hicho cha mwisho watu wanakisahau kila siku na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, nitakirudia huko chini. Na sheria ipo upande wako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na asasi yenu inahusika nayo, ukubwa wa ofisi sio hoja. Taarifa za afya ni katika zile zinazoitwa nyeti. Kama bado hamjajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwambie bosi alianze hilo kabla ya hiyo ripoti ya mfadhili.

Kuhusu WhatsApp, hapana. Sio kwamba meseji inadukuliwa njiani, shida iko kwenye simu ya mpokeaji. Faili linashuka linakaa kwenye simu, linaingia kwenye bakapu, simu inachezewa na mtoto jioni, mwakani inauzwa kwa fundi, na lile faili limo. Kama ni lazima kutuma, lifunge kwa pasiwedi, lipite kwenye barua pepe ya ofisi, pasiwedi uitamke kwa simu na sio kuiandika kwenye barua ile ile.

Halafu kuna yule mama mwenyewe. Alipokupa namba yake ya simu alikuwa kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, mtoto mgongoni, akakupa ili umkumbushe tarehe ya chanjo. Akikuuliza namba yangu umempa nani, je unalo jibu ambalo unaweza kumwambia ukimtazama usoni? Kama unalo, tuma. Kama huna, subirini, ripoti ya mfadhili inaweza kuchelewa siku tatu na dunia isianguke.

SWALI: Mambo vipi kaka, mimi developa niko Dar. Tunaunganisha mfumo wetu na wa taasisi nyingine, tumepewa API yao, yaani mlango ambao mfumo wao unapokelea data, na sisi tunawatumia data kila usiku. Wakati wa kutesti tumekopi data halisi za wateja maana kutengeneza za uongo ni kazi. Kila kitu kinapita, hamna erra. Ila wenzetu wanalalamika data zetu chafu. Tunakosea wapi?

JIBU: Poa sana. Umesema hamna erra kama kitu kizuri, mimi hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nikusimulie yaliyonikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa naandaa orodha ya wakulima kwenye asasi moja, tulikuwa tunaipeleka kwa mshirika anayegawa mbegu. Namba za NIDA zilikuwa kwenye fomu za karatasi, vijana wakaziingiza kwenye Excel, tarakimu 20 mfululizo bila vistari. Ukiangalia kwenye kisanduku unaona 1.97007E+19, na mimi nikadhani ni namna tu ya kuonesha, nikabadilisha kisanduku kiwe cha namba za kawaida, nikaona namba ndefu nikaridhika. Kumbe Excel inashika tarakimu 15 tu za mwanzo, zinazobaki inazigeuza sifuri, na haikuulizi wala haikwambii. Kila mkulima wetu namba yake ikaishia na sifuri tano. Sasa huko vijijini wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, ukikuta mmeandikishwa kata moja na nyote mmepewa tarehe 1 Julai ya mwaka ule ule, basi mkikatwa zile tarakimu za mwisho mnakuwa mtu mmoja. Mfumo wa mshirika ukafanya kazi yake vizuri kabisa, ukaona namba zinajirudia, ukafuta waliorudiwa. Mama mmoja alitembea toka shambani mpaka ghalani akaambiwa wewe umeshachukua. Akasema sijachukua. Akaoneshwa kwenye skrini kwamba kachukua. Alirudi na kiroba kitupu, na mimi nilikuwepo.

Hakuna erra iliyotokea popote pale. Kwangu faili lilihifadhika, kwao lilipokelewa. Tangu siku hiyo nasema namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya akaunti, hizo ni maandishi hata kama zimeandikwa kwa tarakimu, huwezi kuzijumlisha wala kuzizidisha, sasa kwa nini uziweke kama hesabu? Ziweke kama maandishi kuanzia kwenye databesi, kwenye faili, mpaka kwenye API. Ile sifuri ya mwanzo ya 07 nayo inapotea kwa njia hiyo hiyo, na ukikuta nyie mnatuma 07 na wenzenu wanahifadhi +255, mtu mmoja anakuwa wawili.

Waliofanya kosa la aina hii sio wadogo. Uingereza mwaka 2020 katikati ya korona, maabara zilikuwa zinatuma majibu kwa mamlaka ya afya ya England, majibu yanaingizwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ule wa XLS, ambao unaishia mistari 65,536. Faili likajaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje kimya kimya. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu, na waliokaa nao karibu hawakupigiwa simu kwa wakati kuambiwa wajitenge. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, kilichovunjika ni ile safari ya data kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na hapo hakukuwa na mtu anayehesabu.

Kwa hiyo la kwanza, hesabianeni. Kila usiku mkituma, tumeni na idadi, leo tumewapa watu 1,204, wao wajibu tumepokea 1,204, tumekataa 17 na hawa hapa na sababu yake. Ikipungua hata mmoja mtu aamshwe. Watu wanajenga mambo makubwa makubwa na hiki kitu cha mistari kumi hawakiweki.

La pili ni maana ya vitu. Tarehe 03/04, kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne, kompyuta iliyosetiwa kimarekani inasoma tarehe nne mwezi wa tatu. Mtoto wa kliniki keshaongezewa mwezi mzima wa umri na mfumo unapiga kelele kwamba chanjo ya wiki 6 imempita. Andikeni mwaka kwanza, mwezi, halafu siku, na msikubali kitu kingine. Na saa je? Hili programu za kutoka nje haziwezi kulijua: nesi anaandika amejifungua saa 2 akimaanisha asubuhi, mfumo unaandika 02:00 usiku wa manane. Nimeona rejista ambayo ukiichora kwenye grafu wanawake wote wa wilaya wanajifungua alfajiri. Sasa hiyo sio kazi ya nesi kubadilisha lugha yake, ni kazi yako wewe kumwekea kwenye fomu asubuhi, mchana, jioni, usiku achague, halafu programu igeuze yenyewe.

Hitilafu ikitokea iwe na sauti. Programu ikikuta namba ya NIDA ina tarakimu 19 isijaribu kuwa na huruma ikajaza sifuri, ikatae na iseme kwa nini.

Na hili la kutesti kwa data za wateja, hapo kaka sikuungi mkono hata kidogo. Seva ya majaribio ndiyo ambayo pasiwedi yake inajulikana na kila mtu aliyewahi kufanya field hapo ofisini, nani anajua nani kakopi nini. Na kuna siku mtatesti meseji za kukumbusha halafu watu halisi 300 wapokee saa sita usiku ujumbe unaosema testi testi majibu yako yako tayari, na wengine ni wale waliokuwa wanasubiri majibu kweli. Tengeneza watu wa kubuni. Ni kazi ya siku mbili, na ndiyo nafasi yako ya kuweka mitego ambayo data halisi ya wiki moja haina: mtu mwenye jina moja tu, jina lenye ng' na alama yake, mapacha waliozaliwa siku moja wanaotumia simu moja ya mama yao, mzee aliyezaliwa 1 Julai pamoja na jirani yake. Mfumo ukiwapitisha hao salama ndio uongee habari za hamna erra.

Waulizeni na hao wenzenu hizo data chafu ni zipi, wawape mifano 20 na mkae nao meza moja nusu siku. Nina uhakika nusu ya majibu yatatoka hapo.

SWALI: Hujambo, naandika kutoka Nakuru. Nilichukua mkopo wa simu nikalipa wote, meseji ya kuthibitisha ninayo. Miezi baadaye nikienda kuomba mkopo wa stoki ya duka nikaambiwa niko CRB, ile ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji na madeni yao. Walionikopesha wanasema wao wameshafunga, huko kwingine wanasema tumepewa hivyo. Nazungushwa tu. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Anza kwa kupata ripoti yako mwenyewe, nchini Kenya unayo haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, usome mstari wenyewe uone ni deni gani, la kiasi gani, na nani aliyelipeleka. Usibishane na mtu kabla hujauona huo mstari. Angalia na kiasi pia, maana tangu 2020 deni chini ya shilingi 1,000 halipaswi hata kupelekwa huko. Kisha andika barua mbili siku moja, moja kwa mkopeshaji na nyingine kwa CRB iliyotoa ripoti, ambatanisha ile meseji ya malipo na namba yake ya muamala, uombe warekebishe na wakujibu kwa maandishi. Wakinyamaza, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa zisizo za kweli, na ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inapokea malalamiko bila wewe kuwa na wakili.

Lakini nataka uelewe kwa nini wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli na bado wewe unaumia. Mkopeshaji alituma jina lako kwa mfumo, maelfu ya majina kwa mpigo mmoja, dakika chache yamefika. Ulipolipa, kwake kukafungwa, ila ile taarifa ya kufungwa labda haikusafiri, au ilisafiri ikakataliwa kwa sababu jina limeandikwa tofauti na kitambulisho, na hakuna aliyeangalia zilizokataliwa. Habari ya deni lako imepanda basi la usiku, marekebisho yanatembea kwa miguu. Hii ndiyo ile nukta niliyomwambia dada wa Ifakara, ukikubali kumpa mwenzio taarifa ya mtu, barabara ya kupeleka sahihisho iwe na upana ule ule wa barabara ya kupeleka taarifa, na mjaribu kuipita kabla ya kuanza. Kama hakuna, basi mfumo wenu bado haujakamilika hata kama unatuma vizuri.

Na msiache kuongea mkidhani kompyuta haikosei. Uingereza, shirika la posta liliweka mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia 1999. Mfumo ukawa unaonesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na waendeshaji wa posta ndogo za mitaani wakaambiwa wameiba. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba kulipa pesa ambazo hazikupotea. Mahakama zilikuwa zinachukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe haiko sawa, na mama wa dukani atathibitishaje hilo wakati kumbukumbu zote za mfumo ziko kwa anayemshitaki? Alan Bates na wenzake 554 wakaenda Mahakama Kuu, Desemba 2019 jaji akasema wazi mfumo ulikuwa na hitilafu, na ilibidi bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hatia za watu kwa mkupuo. Miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo ile meseji yako ya malipo itunze, piga picha skrini, itume kwenye barua pepe yako, iprinti.

SWALI: Salaam. Shule ya mwanangu hapa Tanga, darasa la nne, imewapa kampuni ya apu ya masomo majina na picha za watoto wote. Sisi wazazi tumejulia kwenye grupu. Ninaweza kukataa?

JIBU: Wa alaikum salaam. Unaweza, na ulipaswa kuulizwa kabla, mtoto hawezi kujitolea ridhaa mwenyewe kwa hiyo ridhaa ni ya mzazi. Iandikie shule, kwa heshima lakini kwa maandishi, uulize mambo manne: wamepewa nini hasa, kwa mkataba upi, picha zinakaa kwa nani, na zinafutwaje mtoto akihama shule. Omba ya mwanao ifutwe kama hukuridhika, apu ya hesabu na sayansi haihitaji sura ya mtoto ili imfundishe kugawanya. Mkiwa wazazi kumi mkasaini barua moja inasomwa haraka zaidi kuliko kelele za grupu. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia haya ni mambo madogo mtajie hiyo.

SWALI: Kaka shikamoo, nipo Kasulu, najitolea kwenye kazi za wakimbizi, tunaandikisha watu waliopotezana na ndugu zao. Kompyuta yetu kila siku inaomba apdeti na intaneti yetu ni ya kuungaunga, tunabonyeza baadaye. Kuna ubaya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi hiyo. Upo, na mfano wake ni wa kazi yako hiyo hiyo.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina huduma ya kuunganisha familia zilizotenganishwa na vita, majanga na safari za ukimbizi. Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani vinaweka taarifa pamoja, maana mama anaweza kuwa kambi hii na mtoto yuko nchi ya tatu, bila kupeana majina hawataonana. Hapo kupeana data ni jambo jema lisilo na mbadala. Januari 2022 wakagundua kuna wadukuzi wameingia kwenye seva hizo tangu tarehe 9 Novemba 2021, wameshakaa ndani siku 70. Taarifa za watu zaidi ya 515,000. Watoto waliopotea, wafungwa, watu wanaokimbia. Na mlango walioingilia ulikuwa tundu kwenye programu moja ambalo dawa yake, yaani apdeti, ilikuwa imeshatoka, ila kwenye hizo seva ilikuwa haijawekwa.

Wenyewe ndio waliotangaza, wakaeleza na tundu lenyewe, na mimi nawaheshimu kwa hilo, wangapi wangefunika? Lakini ilibidi wazime mifumo, na kuzima maana yake kuna mtu aliyekuwa anasubiri jina la mwanawe akaendelea kusubiri. Ukisikia mtu anasema usalama wa programu ni mambo ya mafundi wa kompyuta, mkumbushe huyo anayesubiri.

Sasa kwako. Intaneti ya kuungaunga naielewa, nimefanya kazi Kigoma. Chagueni siku moja ya wiki, mmoja wenu aibebe hiyo kompyuta mjini penye mtandao mzuri, aiache ijiapdeti yote mpaka iseme imemaliza, arudi nayo, aandike tarehe kwenye daftari na sahihi yake. Isiwe na flashi za watu wengine zinazochomekwa chomekwa, isitumike kuangalia sinema usiku, diski yake ifungwe kwa pasiwedi ili hata ikiibiwa kwenye basi majina yasisomeke. Na lile daftari la karatasi mnaloandikia umeme ukikatika, najua mnalo kila ofisi inalo, linalala wapi usiku? Nijibu hilo kwa meseji, tutaliongelea toleo lijalo.